Kitambaa cha Njano

Wee mwenzangu, kaka kaumbuka leo saluni kwake, hata hamu ya kumtania sina.

Kile choa chake cha mkononi si kilikuwa kinapona kwa manjano na mwarobaini, tiba ya Kihindi? Alivyoringa nayo, "Bei ya kiberiti tu!"

Sasa kaingia mama mmoja, mteja wake, kamvua mwanawe kofia. Mapunye kichwa kizima! "Kinyozi, kitambaa unachojifutia dawa ndicho ulichomfutia mwanangu?"

Kitambaa chenyewe kiko begani kwa kaka. Njano tupu.

Njano tupu, nakwambia!

Mtoto akamwuliza, "Anko, na chako kinawasha?"

"Kinawasha, mwanangu."

Wateja wakatoka wote. Hata aliyenyolewa nusu kichwa kaondoka hivyo hivyo.