Karavani ya Kuazima

Doha, 15 Novemba 2024

Mwanangu Aisha,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo, mumeo hajambo, na mjukuu wangu kikohozi kimemwacha. Sisi huku wazima, ukiondoa mgongo wangu na akili za baba yako.

Nakuandikia badala ya kukutumia sauti kwa sababu humu ndani nikikohoa tu, baba yako anauliza nimesema nini. Humu ndani ni ndani ya karavani. Ndiyo, tumeshahamia. Siku ya kumuaga, tajiri wake alimwuliza, "Vuai, umeniendesha mpaka umezeeka, unataka zawadi gani?" Mtu mwenye akili angeomba friji la kupeleka Makunduchi. Baba yako akaomba kuazimwa lile gari la kulala ambalo wenyeji huenda nalo jangwani majira ya baridi, tuzunguke nalo mpaka siku yetu ya kurudi nyumbani moja kwa moja.

Anasema tunajaribu. Tukiyaweza maisha haya, tukifika huko atanunua basi kuukuu la Kosta, ang'oe viti, aweke kitanda na jiko, twende Lushoto, Iringa, Mbeya, tustaafu barabarani. Nyumba tuliyojenga abaki nayo nani? Hajasema.

Mwanangu, mimi nimepika majikoni mwa watu tangu wewe hujaanza skuli. Nataka kukaa kwangu, kwenye baraza isiyotembea. Lakini nimekubali kujaribu, kwa sababu nakwambia jambo na usicheke: sijawahi kuishi na baba yako tangu tuje huku. Yeye alilala kwa tajiri wake hapa Doha, mimi kwa wangu Al Rayyan. Tukikutana Ijumaa mchana, yeye kajifukiza udi, mimi nimevaa buibui la kutokea, tunakaa bustanini tunakula sambusa kama wachumba. Magharibi kila mtu anarudi kazini kwake. Mume wa Ijumaa namjua vizuri. Huyu wa siku nyingine ndiyo kwanza naonyeshwa.

Leo asubuhi kaosha gari kwa maji ya kupikia. Tangi zima. Gari lilikuwa safi. Nimemwuliza analiosha kwa ajili ya nani, kanijibu ni asubuhi, gari huoshwa asubuhi.

Mama yako,
Mwanamkuu


Makunduchi, 18 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mtoto hajambo, kikohozi kimekwisha, sasa anapanda meza.

Mama, Kosta? Chumba chenu nimeshakipaka rangi. Kitanda kimeingia juzi, kimepita mlangoni kwa shida mpaka tukatoa fremu. Majirani kila nikipita wananiuliza wanakuja lini, nami nimewajibu wanakuja kukaa. Sasa niwaambie nini? Wanakuja kupaki?

Tafadhali zungumza naye. Na wewe usikubali kila kitu halafu uje kunilalamikia mimi. Nimengoja vya kutosha.

Msalimie baba. Usimwonyeshe barua hii. Au mwonyeshe.

Mwanao,
Aisha


Al Wakrah, 25 Novemba 2024

Aisha mwanangu,

Marahaba. Mwili haujambo.

Nilizungumza naye. Akasema, "Tumalize kwanza kujaribu." Basi tumejaribu. Tumekwama mchangani mpaka vijana wa Kiarabu wakatuvuta kwa kamba huku wakicheka. Upepo ukivuma, karavani inatikisika na masufuria yanaanguka. Nami sina nafuu, nakiri. Nimepika biriani la kulisha msiba na sisi ni wawili. Akigeuka kitandani naruka kumwuliza anataka nini, kisha nakasirika kwamba anataka kitu.

Lakini la jana sitalisahau.

Tulisimama kituo cha mafuta hapa Al Wakrah. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, kwenye meza, natengeneza chai. Nikashuka kwenda msalani. Nikitoka, gari hakuna. Baba yako kaondoka. Simu yangu imo ndani inachaji, na namba yake siijui kwa kichwa, iko kwenye simu.

Nilisimama pale na kandambili, mkononi nina kijiko. Mlinzi mmoja Mkenya, anaitwa Kioko, akaniletea kiti. "Mathe, kaa hapa kwa kivuli. Mzee atarudi tu, si ati amekutoroka." Nikamwambia hajanitoroka, kanisahau. Akasema, "Hiyo sasa ni mbaya zaidi," kisha akaona uso wangu akaenda kuninunulia maji.

Karibu na alasiri ndiyo akarudi. Na unajua aligunduaje? Alifika ufukweni, akazima gari, akashuka, akazunguka akafungua mlango wa nyuma, kama anavyomfungulia mke wa tajiri wake. Akangoja mtu ashuke. Hakushuka mtu. Aisha, mlango kaukumbuka. Mke hakumkumbuka.

Ningemsamehe kama angesema samahani. Alisema, "Ungenigongea kioo kabla ya kushuka." Kumbe mimi ni abiria!

Nimechukua begi langu. Nimeita teksi.

Mama


Makunduchi, 26 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Uko wapi? Hupokei simu. Baba kanipigia. Kaniuliza kama mvua imenyesha. Nikamwambia haijanyesha, akakata.

Nimekasirika naye, na nimemwambia. Lakini nina swali moja, na usinikasirikie. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Kwa nini ulikaa nyuma?

Nijibu.
Aisha


Makunduchi, 5 Desemba 2024

Mama,

Bado hujanijibu. Kama ni kwa sababu ya lile swali, nalifuta. Niambie tu uko wapi.

Aisha


Al Rayyan, 20 Desemba 2024

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Nisamehe kukutia roho juu. Swali lako lilinichoma, nikaona bora ninyamaze kuliko kukutukana wewe mwenye haki.

Nilirudi kwa tajiri wangu. Sikuwa na pengine. Mwenye nyumba aliponiona mlangoni na begi hakuuliza kilichonileta. Aliuliza kama naweza kupika boko boko la ngano na nyama, ana wageni. Nikafunga kanga kiunoni nikaingia jikoni, na huwezi kuamini jinsi nilivyopumua. Chumba changu sasa ni cha Shamira, binti wa Kiganda aliyechukua kazi yangu. Kakataa nilale chini, nami nikakataa kumtoa kitandani, basi tunabanana. Ananiita mama, na kila siku ananiuliza nitaondoka lini. Kwa adabu, lakini anauliza.

Kwa nini nilikaa nyuma? Kwa sababu hakuna gari katika nchi hii nililowahi kukaa mbele. Sikufikiri. Yeye naye hakufikiri. Ndiyo jibu.

Sasa sikiliza. Ijumaa ya kwanza baba yako akaja mpaka getini. Kanyoa ndevu, ananukia udi, ana mfuko wa sambusa. Tukaenda bustanini. Akasema samahani bila kuombwa, akasema tangu siku ile akifika mahali anaogopa kufungua mlango. Tulicheka, Aisha. Tulizungumza mpaka magharibi kama zamani. Ijumaa zilizofuata hivyo hivyo. Na leo.

Basi tumekubaliana, na nimefurahi kweli. Tunarudi. Mimi nitakaa nyumbani, kwenye baraza yangu. Yeye atanunua Kosta yake atembee anakotaka, na Ijumaa atakuja Makunduchi kututazama. Ndivyo tulivyozoea, na hivyo ndivyo tunavyopendana. Usihangaike na kitanda kikubwa.

Mama yako,
Mwanamkuu


Makunduchi, 21 Desemba 2024

Mama na Baba,

Shikamooni. Hii ni ya wote wawili, mama msomee baba.

Nimesoma barua yenu ya furaha nikalia kwa hasira mpaka mume wangu akadhani kuna msiba.

Nyinyi mlikuwa na Ijumaa. Mimi nilikuwa na nini? Likizo zenu hazikuwahi kukutana. Nilipoolewa alikuja baba peke yake. Nilipojifungua akaja mama peke yake. Bibi alipofariki hakuja mtu, nikapokea wageni mwenyewe. Katika nyumba hii mliyoijenga kuna picha zenu mbili, kila mmoja na ukuta wake, nami ndiye niliyezitundika.

Sasa mnaniambia mmejaribu kuishi pamoja kwa siku chache ndani ya sanduku la bati, mmeshindwa, mmepata dawa. Baba atakuwa mgeni wa Ijumaa. Namshukuru sana. Wageni ninao.

Mnaogopa mtagombana? Watoto wenzangu wote walilala huku wanasikia wazazi wao wakigombana, chumvi imezidi, nani kaacha mlango wazi. Walikuwa wakilalamika skuli, nami nawaonea wivu. Mimi sijawahi kuwasikia nyinyi mkigombana. Hata mara moja. Sijui baba akikasirika anasemaje. Sijui mama akinuna ananuna kwa muda gani.

Njooni mgombanie hapa. Kitanda kikubwa kinabaki palepale.

Mwanenu,
Aisha


Doha, 9 Januari 2025

Mwanetu,

Marahaba. Barua yako nilimsomea bustanini. Akaniomba simu, akasoma tena mwenyewe, akanirudishia. Magharibi ikaadhiniwa, nikasimama niagane naye kama kawaida, yeye hakusimama. Akasema, "Kaa." Nikakaa. Tulibaki pale mpaka walinzi wakaja kufunga bustani, na hatukuwa na la kuzungumza hata kidogo, sambusa zimekwisha, baridi inauma, mimi nimechoka naye na yeye kachoka nami. Hakuondoka. Karavani kairudisha kesho yake.

Sasa tuko uwanja wa ndege, foleni ya mizigo. Baba yako kapakia turubai zito la kivuli, anasema ni la Kosta. Kosta hatujakubaliana! Nimemwambia litoke, kasema halitoki. Nimelitoa, kalirudisha. Mzigo umezidi uzito, watu nyuma yetu wananung'unika, na zamani ningenyamaza nikangoja Ijumaa. Leo sinyamazi, na yeye ndiyo kwanza anapandisha sauti. Kumbe anapokasirika anaongea kwa mafumbo kama marehemu mama yake.

Njoo utupokee. Huna haja ya kututafuta kwa macho. Utatusikia kabla hujatuona.

Wazazi wako,
Mama na Baba