Sumu ya Jipu na Sungura wa Majengo

Mji wa Kale, Alhamisi, Machi 1967

Joto la leo limepita kiasi, hata kuta zimekuwa na jasho, lakini halikunikera. Nimeswali alasiri, nimekaa ghorofani karibu na dirisha, na mikono yangu bado inanuka spiriti ya maabara. Nimeridhika. Naliandika neno hilo polepole, kwa sababu jana saa kama hizi nilikuwa nimekaa papa hapa nikijizuia nisilie.

Najua siku nikiusoma ukurasa huu nitakuwa nimesahau mengi, basi naeleza tangu mwanzo.

Kwa miezi minane sasa, katika maabara ya hospitali, nimekuwa nikichunguza sumu inayotolewa na bakteria wa majipu. Ukiitia sumu hiyo katika damu ya sungura, chembe nyekundu hupasuka, na maji yaliyokuwa na ukungu hugeuka mekundu maangavu kama sharbati. Hilo tunalijua. Tusilolijua ni namna inavyofanya. Mkubwa wangu, Daktari Pinto, husema kwamba sumu huuyeyusha utando wa chembe kama sabuni inavyoyeyusha samli. Mimi naamini haiyeyushi kitu. Inatoboa. Inaacha tundu dogo mno, chumvi na maji vinapenya, chembe inavimba, na mwisho inapasuka yenyewe.

Jumatatu nilidhani nimelipata jibu. Nilizitia chembe za sungura katika maji yenye sukari ya kawaida, kisha sumu. Zilipasuka zote. Halafu nikajaribu dekstrani, ile sukari ya chembechembe kubwa ambayo madaktari humtundikia mgonjwa aliyepoteza damu nyingi. Ikiwa kuna tundu, nilifikiri, sukari ya kawaida itapita, lakini dekstrani itabaki nje, nayo itazuia maji yasijazane ndani. Ikawa hivyo hivyo. Chembe zilitulia chini ya mrija, nzima, kama hazijaguswa.

Kama hazijaguswa. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Jana Daktari Pinto aliisoma ripoti yangu hadi mwisho, akavua miwani. "Rukia," alisema, "umejuaje kwamba dekstrani haikuifunga sumu yenyewe? Pengine sumu haikuzifikia chembe kabisa."

Niliokota karatasi zangu nikarudi mezani.

Nikiri hapa, ambapo hakuna mtu. Swali lile halikuwa geni kwangu. Lilinijia Jumatatu ile ile, nikalisukuma pembeni. Ripoti inatakiwa kuondoka kwa posta kesho kwenda kwa profesa wangu wa Kampala, naye ndiye atakayeamua kama nitapewa nafasi ya kuendelea na utafiti. Zaidi ya hayo, damu ya sungura ilikuwa imekwisha, na nilikuwa nimemwahidi mwenye sungura kwamba sitamrudia tena na sindano.

Mwenye sungura ni Bi Mwanahamisi, mjane anayekaa peke yake Majengo. Hospitali yetu haifugi sungura, na yeye ndiye pekee aliyekubali kunisaidia. Ana sungura sita uani, kila mmoja ana jina. Mara ya mwisho nilipotoa damu, yule mweupe alijikunja pembeni siku nzima asile, na bibi alinitumia habari. Nilimwendea, nikamwambia basi, sitamsumbua tena.

Leo asubuhi nilinunua kabichi sokoni Mwembe Tayari, nikaenda kwake kwa miguu. Njiani nilijipangia maneno mazuri. Nilipofika mlangoni yote yalipotea.

"Hodi, Bi Mwanahamisi. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu." Aliutazama mkoba wangu. "Ulisema huji tena na sindano."

"Nilisema, bibi. Nimekuja kukuomba uniachilie ahadi ile. Nilifanya kazi nusu, nikajifanya nimemaliza."

Hakukasirika. Alinisogezea kibao cha kukalia, akaanza kuyachambua majani ya kabichi, mabovu huku, mazima kule. "Nusu iliyobaki ni ipi?"

Nikamweleza, bila maneno ya chuoni. Nilimwambia kwamba sumu ya jipu huua chembe za damu, nami nataka kujua kama inaziyeyusha au inazitoboa. Kwamba nilidhani nimejua, kumbe nilikuwa nabahatisha. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Mume wangu alikufa kwa jipu la kisogoni. Siku nne tu, mtu mzima na nguvu zake. Ndiyo sumu hiyo?"

Nilitamani sana kumwambia ndiyo. Ingekuwa rahisi, na pengine angenipa damu ya sungura wote sita.

"Sijui, bibi," nilisema. "Huenda. Lakini damu ya binadamu haipasuki upesi kama ya sungura, na mimi sijafika huko."

Aliinuka, akamtoa sungura wa kijivu aitwaye Bahati. Alimpakata yeye mwenyewe, akamfunika macho kwa ncha ya kanga yake. "Toa," alisema. "Ila wataka kidogo, chukua kidogo. Na ukimaliza, uje unambie. Wale wa hospitali walinambia watarudi wanieleze yaliyomuua mume wangu. Mpaka leo nawangoja."

Nilitoa damu kwenye mshipa wa sikio, kidogo kama alivyotaka. Bahati hakushtuka. Nilipomwachia alikuwa tayari anaifuata kabichi.

Maabara nilifika saa nne. Nilikuwa nimelifikiria jaribio njia nzima, nalo lilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Nikaziosha chembe, nikazigawa katika mirija miwili, yote yenye dekstrani. Mmoja nikautia sumu, wa pili sikuutia. Nikangoja. Yote ilibaki na ukungu, kimya, huwezi kuibagua. Kisha nikaiweka kwenye mashine ya kuzungusha mpaka chembe zikazama, nikamwaga maji ya juu pamoja na dekstrani na sumu iliyobaki, nikatia maji ya chumvi matupu.

Ikiwa dekstrani iliifunga sumu, chembe zilikuwa salama, na zingebaki salama. Ikiwa matundu yalikwisha kutobolewa, dekstrani iliyokuwa ikizilinda imeondoka, na maji yangeingia.

Mrija usio na sumu ulibaki na ukungu wake.

Ule uliotiwa sumu ulianza kung'aa mbele ya macho yangu. Mwekundu, mwangavu, hata kalamu niliyoishika nyuma yake niliiona.

Sikumwita mtu. Nilirudia tena, na mara ya tatu, mpaka tone la mwisho. Mara zote tatu ilikuwa vile vile. Hapo ndipo nilipogonga mlango wa Daktari Pinto.

Aliuchukua mrija, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akanitaka nimwonyeshe na mwenzake. Akaniuliza niliosha mara ngapi na nilingoja muda gani. Nilimjibu. Akakaa.

"Kwa hiyo matundu yalikuwepo," alisema, "muda wote huo chembe zilipokuwa zimetulia."

"Naona hivyo, Daktari. Kwa sumu hii. Nyingine sijui."

"Miaka mingi nimewafundisha watu kwamba inayeyusha." Hakuwa na uchungu, alikuwa kama mtu anayehesabu waliomsikia. Alivuta barua aliyokwisha kuiandika ya kuisindikiza ripoti yangu, akalikata neno "inayeyusha" kwa mstari mmoja, juu yake akaandika "inatoboa". Kisha akaitazama tena, akaichana, akachukua karatasi mpya. "Sipeleki Kampala barua yenye mikwaruzo," alisema. "Na wewe uandike kwamba swali niliuliza mimi. Nisikose yote."

Tulicheka. Nimeandika, na jina la Bi Mwanahamisi pia nimeliandika, kwenye shukrani.

Bahasha iko hapa mezani, kesho asubuhi naipeleka posta. Sijui Kampala watasema nini, na ajabu ni kwamba leo halinisumbui. Linalonisumbua kidogo ni jambo jingine. Daktari Pinto asingeuliza, je, ningeituma ile kazi nusu?

Ningeituma. Afadhali nilijue hilo sasa, nikiwa bado nina miaka ishirini na saba.

Jumamosi nakwenda Majengo bila mkoba. Nitamweleza bibi tulichokiona, na akiniuliza tena juu ya mumewe nitamjibu tena kwamba sijui. Kisha nitakaa, ninywe chai yake, anisimulie mumewe alikuwa mtu wa namna gani.