Kijiti cha Mgeni

Mbuchi, Alhamisi

...na mimi niliyesugua masufuria kwa jivu tangu alfajiri! Kumbe hawa wageni wa Kiyahudi, waliokuja kutembelea magofu ya huku kwetu, wanasafiri na masufuria yao. Kamba hawali, kaa hawali. Samaki mpaka waone magamba kwa macho yao.

Nilinuna, sifichi. Wageni wangu wasile kwenye chungu changu, majirani wataniambiaje?

Basi nikabandika sufuria lao, perege wa nazi ndani. Mara bibi mmoja wa kundi lao akaja kuchuchumaa jikoni kwangu. Akasema, kiongozi wao akatafsiri: "Mwanangu, dini yetu inataka na sisi tuwe na mkono kwenye moto. Niruhusu nitie kijiti kimoja tu."

"Tia, bibi."

Akakisukuma taratibu, midomo ikinong'ona. Moshi ukatufunika wote wawili, na kwa kitambo nikaona kama ni marehemu mama amechuchumaa pale, ananichochelea.

Wakala, wakakomba.

Sasa wamelala. Nimerudi kutazama jiko, sijui nafuata nini. Kijiti hakikuungua chote. Nimekiweka kando. Kesho nitawapikia wanangu uji kwa hicho.