Pale Nywele Zinapoanzia

Jumatatu, 3 Machi

Mama,

Leo chuoni tumeambiwa tuchague. Ngozi au nywele. Tulikuwa tunagusagusa kila kitu — kucha, nyusi, kufua taulo (taulo nimezifua kuliko nyuso nilizoziosha!) — sasa kila mtu ashike njia yake. Majina yanatakiwa Jumatatu ya tarehe 17. Ukishaandikwa upande mmoja, hakuna kuhama.

Rafiki yangu wa darasani, yule tunayemwita Kasuku, alijiandikisha nywele kabla mwalimu hajamaliza kusema. Anadai ngozi haimfai. Mteja wa ngozi analala, sasa yeye ataongea na nani?

Mimi wote wameshanihesabu upande wa nywele. Mwalimu wa nywele alicheka tu: mtoto wa Mkono Chuma aende wapi tena? Anakujua. Wasusi wote wanakujua.

Mama mdogo hata hakuniuliza. Kiti chako bado kipo saluni kwake, cha pili kutoka mlangoni, amekifunika shuka la maua. Muuza mawigi wa jirani anapataka pale aweke rafu yake. Kila akija, mama mdogo anamwambia kiti kina mwenyewe, yuko masomoni. Mwenyewe ndiye mimi. Lakini leo kaniambia na lingine, huku anafagia: "Usipokikalia wewe, mwanangu, nakitoa. Siwezi kukaa na kiti kinanitazama tu."

Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa changu kina haraka. Moyo unabaki nyuma unatafuta viatu.

Jumanne, 4 Machi

Zamu yangu chumba cha ngozi. Kidogo, pazia jeupe, kitanda chembamba, mashine ya mvuke inakoroma kama paka. Unamfunga mteja kitambaa kichwani, unabaki na uso peke yake. Uso usio na nywele ni kitu kingine kabisa! Unarudi kuwa wa mtoto.

Mama mmoja aliingia anagombana na simu. Nikamlaza. Maji ya uvuguvugu, pamba, vidole viwili kuzunguka macho, polepole. Mdomo ukaachia. Mkono ukaachia simu. Mvuke ukapanda mpaka darini, pazia likawa linapumua, nami sikujua kama nimesimama au naelea.

Kwenye nywele unakaa nyuma ya mtu. Unamwona kiooni tu. Huku kwenye ngozi mko uso kwa uso, ingawa mwenzio kafumba macho.

Ndipo nikawaza: wewe nakujua kwa kioo. Miaka yote hiyo nimekaa pale kitini, wewe nyuma yangu, chanuo umeling'ata, unaongea bila kufunga midomo: "'Ulia, 'wanangu." Nilikuwa nakuigiza, unanipiga kichwani na mgongo wa chanuo.

Jioni nikamwambia mama mdogo, kidoti cha mama kilimpendeza sana pale shavu la kushoto. Kulia, akasema. Kushoto! "Kulia, we mtoto! Mimi nimezaliwa nimekikuta pale!" Tukatoa picha. Kulia. Mama mdogo alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Mimi nilicheka kidogo tu. Kumbe uso ninaoubeba kichwani umegeuzwa.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu! Aibu! Aibu!

Mteja wa leo ni karani wa benki. Kaja na vipele, vimejipanga mstari mmoja pale nywele zinapoanzia. Kasukwa mistari midogo, imevutwa mpaka nyusi zimepanda, anaonekana kama mtu aliyeshtuliwa mlangoni. Nikamsafisha, nikampaka udongo wa uso. Ule unaachwa ukauke. Akalala. Nikavuta stuli, nikakaa upande wa kichwa chake, nikasubiri.

Sijui vidole vilianza saa ngapi. Najua tu kwamba nilikuwa natazama ile ngozi ya mbele, ilivyobana, inang'aa, nikaona huruma. Nikalegeza mstari mmoja. Uso wake ukashuka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikafumua mwingine. Akashusha pumzi ndefu usingizini. Mimi nilikuwa mbali, Mama. Nilikuwa sebuleni kwetu, mvua inanyesha, nimekaa chini katikati ya magoti yako, redio inasema na hakuna anayeisikiliza —

Pazia likafunguka. Mwalimu wa ngozi.

"Unafanya nini?"

"Nasubiri udongo ukauke, Madam."

Udongo ulishakauka zamani, umepasuka kama ukuta wa zamani. Na kichwa — nusu mistari, nusu kichaka! Karani akaamka, akajishika. "Nani kanifumua? Jamani! Mimi nimekuja kuoshwa uso!"

Kasuku kachungulia mlangoni, tayari anacheka. Anasema kaona wezi wa simu, wezi wa viatu, lakini mwizi wa mistari ni mimi wa kwanza.

Nikaamriwa nimsuke upya, mwalimu wa nywele kasimama pembeni. Nikasuka kama ulivyonifundisha. Nikakaza. Karani akajitazama, akageuza shingo huku na huku, akaridhika: hapo sasa! Mwalimu wa nywele akanipiga begani, damu haipotei, anasema.

Nyusi za karani zikapanda tena juu. Mimi moyo ukashuka.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu wa ngozi hakunifokea. Aliniita kwenye sinki, tukawa tunaosha bakuli pamoja. Akaniambia vile vipele havikuwa vya uso. Ni vya kusukwa. Nywele zikivutwa sana, mwaka baada ya mwaka, ngozi ya mbele inachoka, nywele zinaondoka, na mwishowe hazirudi tena. "Vidole vyako vimeliona hilo kabla yako," akasema. "Ila siku nyingine omba ruhusa kwanza."

Halafu akanigusa pembeni ya paji, kwa kidole chenye povu. Akauliza nani alikuwa ananisuka mimi.

Nikasema bakuli zimekwisha.

Mama, watu walitoka mbali kwa ajili ya mkono wako. Mistari yako haikulegea. Wengine walitoka pale kitini machozi yanawalenga na bado wanasema asante. Mkono Chuma — walikuita hivyo kwa mapenzi, na mimi nikajivuna shuleni.

Sikutaka kulijua hili. Sasa nalijua.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwosha mama mdogo nywele, uani, kwenye beseni. Hupenda kuoshwa Jumapili, anasema wiki inaingia kichwa kikiwa chepesi.

Alipovua kitambaa nilitazama kwa mara ya kwanza. Nimeishi naye na sikuwahi kutazama. Pembeni, juu ya masikio, hakuna kitu. Ngozi tupu, laini, kama mgongo wa kijiko. Nikauliza kwa upole, hapa je? "Uzee huo, mwanangu." Lakini si mzee. Na wewe ndiye uliyemsuka tangu mkiwa wasichana.

Nikapitisha mafuta pale kwa kidole kimoja. Akafumba macho.

"Dada yangu alikuwa anavuta, yule!" akasema, na sauti ilikuwa ya kujivunia kabisa. "Ukitoka kwake hata kupiga chafya unaogopa." Tukacheka. Halafu akasema, taratibu, kama anazungumza na maji: "Siku hizi hakuna anayenivuta hivyo."

Nikaendelea kupaka. Jua lilikuwa linacheza kwenye beseni, linapanda ukutani, linatetemeka.

Wiki zako za mwisho nilikuosha uso kila asubuhi. Kitambaa cha uvuguvugu, kwanza paji, halafu mashavu, halafu chini ya kidevu ulipokuwa unacheka kwa kutekenyeka, hata ukiwa huna nguvu ya kucheka. Hapo ndipo nilipokutazama bila kioo. Kidoti nilikiosha kila siku. Mbona sikukumbuka kiko upande gani? Nadhani nilikuwa natazama macho.

Jumatano, 12 Machi

Nimeota saluni imejaa mvuke. Vioo vyote vimefunga ukungu. Kuna mtu kakaa kitini kwako, simjui, kafumba macho. Wewe uko nyuma yake unasuka. Mimi niko mbele yake, namwosha uso. Tunafanya kazi kichwa kimoja, mimi na wewe, na tunatazamana juu ya nywele zake. Huniambii kitu, chanuo liko mdomoni.

Nimeamka vidole vinasuka ncha ya shuka.

Kasuku anasema hakuna la kufikiria: chagua nywele, nyuso utawaosha ndugu zako nyumbani. Mwalimu wa ngozi, yeye kila asubuhi namkuta kaniwekea taulo safi karibu na kile kitanda, basi.

Jina langu bado sijaliandika popote.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimesimama, chumba cha nyuma cha saluni, kwenye kabati la taulo. Haraka.

Mama mdogo kakifunua kiti! Nimefika asubuhi nimekuta kimefutwa, kinang'aa, shuka la maua limekunjwa. Wateja wako wa zamani amewaita. Yule muuza vitambaa kaja, na kicheko chake kilekile cha kuangusha sufuria. Muuza mawigi naye kasimama mlangoni na futi yake ya kupimia rafu, anajifanya anapita.

Nilidhani atamkalisha mteja. Kakaa mwenyewe. Kavua kitambaa mbele ya wote — yeye, ambaye hata kwa daktari havui! — akanipa chanuo.

"Nisuke kama dada. Hawa waone kiti kimepata mtu."

"Kaza, binti!" muuza vitambaa akapiga kelele. "Tumekuja kuona chuma!"

Nikaanza nyuma. Nyuma nikakaza kweli, nywele pale ni nene, zinavumilia. Mistari ikatoka yako, Mama. Ileile. Wakaanza kuitikia, naam, naam, mwenye macho haambiwi ni mtoto wa nani. Nikasikia raha, sitaki kudanganya. Nikahisi uko nyuma yangu.

Halafu nikafika pembeni, pale juu ya sikio.

Vidole vikakataa. Nikaanzisha mstari mbali kidogo na ile ngozi laini, nikausuka mlegevu, na zile nywele chache za mbele nikaziacha zilale zenyewe. Nikafanya wa pili vilevile. Muuza vitambaa akasogea karibu: mbona huu mkono wa pamba? Wakacheka wote. Muuza mawigi akaingia hatua moja ndani.

Mama mdogo hakucheka. Akainua mkono, akapapasa polepole, kutoka nyuma kuja mbele, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akafika pale. Mkono ukasimama.

"Hii si ya dada yangu," akasema.

Mtu akaizima mashine ya kukaushia nywele. Nikasema mafuta yamekwisha, nakuja. Mafuta hayajaisha.

Upande mmoja wa kichwa chake umesukwa, mwingine umesimama. Yuko pale mbele ya watu bila kitambaa. Mkono wake bado uko palepale, nimechungulia. Haushuki. Unapapasa tu. Sijui kama analia au anawaza au ana hasira nami. Keshokutwa ni Jumatatu.

Ananiita.

"Mwanangu! Njoo umalize!"

Hakusema nimalize vipi.

Mama, naenda. Naenda na mkono huu huu, hauna chuma. Ukiuona usiukane. Nikumbuke tu.