Nani Kamwosha Nassor

Mjukuu wangu Salim,

Sisi huku Maskati wazima, alhamdulillahi. Dada yako kahamia Al Khoudh na nyumba imepooza. Umeniuliza yule Mrusi mwenye pengo, aliye pichani ukutani, ni nani wetu.

Kaka yangu Nassor alikuwa akisoma Moscow, kama wewe sasa, nasi tumeshatoka Unguja. Alifia huko kwa maradhi ya mapafu. Mwenzake wa masomo alipotuletea khabari, pamoja na picha hiyo, mama hakulia. Aliuliza tu, "Nani kamwosha mwanangu?"

Mgeni akamweleza kuwa Nassor alikuwa na rafiki, Kolya, beki wa hoki ya barafu. Siku ya mechi kubwa Kolya aliiacha timu yake, akazunguka kwenye theluji mpaka akawapata Waislamu wa Kitatari. Wakamwosha Nassor, wakamkafini, wakamsalia. Kolya akasimama nje mpaka walipomaliza. Timu ikamfukuza, na hakucheza tena.

Hapo ndipo mama alipolia.

Kolya naye keshakufa, nasikia. Nna ombi moja tu, mwanangu: litafute kaburi lake, usimame hapo. Hata theluji ikianguka, usiondoke upesi.

Bibi yako,
Zuwena