Bongo ya Baba

Bwera, Jumapili baada ya misa

Kaka Paluku,

Nakuamkia wewe na wifi yangu Kahindo. Mvua imeshafika huko Butembo? Na kile kifua chako, kimepona? Sisi huku tunapumua. Mawese yangu yanauzika, na mama anagombana na kuku wa jirani kama kawaida. Simu yangu hupokei, kwa hiyo nimeandika, maana barua huwezi kuikata katikati. Nimemkabidhi Mama Soki, anayevusha samaki wa chumvi mpakani, nikamwambia asitoke mlangoni kwako mpaka uifungue. Unamjua, hatatoka.

Habari yenyewe ni ya baba. Usiikunje, soma.

Tangu siku ya posa yako, ulipoondoka na hasira, mambo yalizidi. Baba alikuwa anakula ugali mbele yetu, anamaliza, kisha anatoka kumwambia jirani kwamba ana siku mbili hajaonja kitu. Mama aliona aibu hadi akaacha kwenda jumuiya. "Ile bongo yake itatumaliza," alisema. Mwishowe akafunga vitenge vyake, akatangaza kwamba anarudi Butembo na baba atabaki na mimi. Nami nikiri, nilimwona baba mwongo. Mtu aliyetuchapa kwa uongo mdogo wa sukari, leo anadanganya mchana kweupe! Iliniuma sana.

Kisha akaanguka bafuni, mara mbili kwa wiki moja, ndipo nikampeleka hospitali Kasese. Wakampiga picha ya kichwa kwenye ile mashine ya duara unayolazwa ndani yake. Siku ya majibu mama alikuja pia, amenuna. Daktari alisema kwa Kiingereza na muuguzi akatutafsiria. Huyo muuguzi ni mtu wa kaskazini, mke wa askari. Kikonzo, lugha yetu, hajui, na Kiswahili chake ni cha kambini. Akasema, "Mama, bongo ya mzee imepunguka. Hii ndiyo shida yake."

Kaka, mama aliruka kitini! "Imepunguka? Dada, kuya ukae kwetu siku moja! Bongo yake inaongezeka kila asubuhi!"

"Hapana, mama. Daktari ameona kwa picha. Imepunguka sana."

Mama akanigeukia. "Masika, bongo inaonekanaka kwa picha?"

Kwetu bongo ni uongo, na mama hajui nyingine. Kwa yule muuguzi bongo ni ubongo, ule ulio ndani ya fuvu. Nilipowaeleza, muuguzi alicheka hadi akashika meza. Baba naye akacheka, bila kujua tunacheka nini. Mama hakucheka.

Daktari akatuonyesha picha. Ubongo wa baba umesinyaa, hasa kwa ndani, usawa wa masikio, mahali panapotunza mambo ya jana na leo. Paliposinyaa pamebaki nafasi, na nafasi imejaa maji. Mambo ya zamani bado yapo, ndiyo maana anakutajia majina ya mbuzi wote wa babu. Mapya ndiyo hayashiki. Nikamuuliza, na zile hadithi zake? Akasema ubongo ukikuta pengo hulijaza wenyewe, na baba anaamini kila neno analolisema. Hamdanganyi mtu. Dawa ya kumponya hakuna. Ugonjwa utakwenda polepole, na itafika siku hatatujua kwa majina.

Sasa fikiria siku ile ya posa. Alipowaambia wazee wa kina Kahindo, "Ndoa gani? Hakuna mutu aliniambiaka," hakuwa anakukana, kaka. Habari yako haikuwemo tena kichwani mwake. Ulimwita mutu wa bongo mbele ya wageni, na mimi nilinyamaza kwa sababu nilikubaliana na wewe. Ninaona haya hadi leo.

Mama amefungua vitenge vyake. Hamkatalii baba tena, anamuuliza tu maswali. Maana baba ana neno lake la kila siku, akishakunywa chai: "Paluku alikuwa hapa sasa hivi. Tumekunywa naye." Zamani mama angefoka. Juzi alimuuliza, "Alivaa nini?" Baba akajibu, "Ile koti yangu ya kahawia." Koti lenyewe liko msumarini, lile alilokuazima kwa posa, ukalitupa kitini ulipoondoka. Mama akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Nisalimie wifi, na shangazi wa mkaa, na mjomba katekista. Mwambie kitabu chake cha nyimbo ninacho, sijakiuza.

Chai ya baba huiva saa moja asubuhi. Njoo, kaka, angali anakujua kwa jina, ili neno lake hili moja lisiwe bongo.

Ni mimi dada yako,
Masika