Kafi la Baba Haliendi Hotelini

Makaha, Oahu
Tarehe 3 Mei

Dada yangu mpenzi Healani,

Pokea aloha nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Bernard, na kwamba ule ukavu wa Las Vegas umeacha kukupasua midomo. Mguu wako je, bado unavimba ukisimama sana kazini? Sisi huku hatujambo kwa rehema za Bwana. Paa la kanisa limezibwa, kwaya imepata besi mbili mpya, na mimi bado nafagia shule ileile, madarasa kumi na manne, kwa goti lilelile.

Barua yako niliipata Jumanne. Alhamisi akaja Bwana Furtado wa hotelini, mtu mpole, akavua viatu vyake vinavyong'aa na kukaa kwenye kiti cha Baba bila kujua. Alirudia yote uliyoniandikia: kwamba kafi la Baba litawekwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi, kando ya picha yake, kwa kuwa alifanya kazi ufukweni pao miaka thelathini na moja, kwamba tarehe 14 Juni Mchungaji ataliombea, kwamba wewe, mkubwa wetu, umeshakubali. Nilimpa poi, ule uji wetu mzito wa magimbi, na samaki, akala vizuri. Alipomaliza nikamwambia kafi halitoki. Alidhani natania. Dada, sitanii, na kabla hujakasirika naomba unisome mpaka mwisho.

Unajua mume wangu Wendell alipofariki nilikaa ndani karibu mwaka mzima. Daktari akasema goti langu linataka maji, si kiti. Binamu yetu akanipa ubao wake mpana wa kupandia mawimbi aliokuwa anaufugia vumbi, na mimi nikasema kama ni ubao, basi nitasimama kama Baba. Unakumbuka alivyosimama katikati ya wageni wa hoteli aliowapandisha mawimbi pale Waikiki, kamera imening'inia shingoni, kafi mkononi? Magoti yalishamwishia, hakuweza kupiga magoti juu ya ubao kama wenzake. Kwa hiyo alisimama, na kwa kusimama aliliona wimbi kabla ya mtu yeyote na akawahesabu wageni wake vichwa.

Wiki ya kwanza nilianguka tu. Wiki ya pili nikasimama, nikatazama chini nikaona kasa anapita chini ya miguu yangu, nikainua macho nikaliona bonde letu lote limekaa mbele yangu, na nikalia, mwanamke wa miaka hamsini na sita, peke yangu juu ya maji. Tangu siku hiyo sijaacha. Kila asubuhi kabla ya kazi naiomba bahari ruhusa kama tulivyofunzwa, nasali, naingia.

Anti Emalia, shemasi wetu, aliniita pembeni baada ya ibada akaniambia mjane hapendezi kuonekana na fulana ya kubana huku ameshika mti. Nilimheshimu, nikamsikiliza yote. Kisha nikamwambia Petro naye alitoka chomboni akakanyaga maji, na mimi nimeshazama mara nyingi kuliko yeye na Bwana amenitoa kila mara. Na sijakosa ibada hata Jumapili moja. Sasa ananitazama fulana tu.

Hao wa kanisani ni wepesi. Wazito ni wale wanaolala kifudifudi juu ya mbao zao fupi. Mkubwa wao ni Makoa, yule fundi magari wa barabara ya juu, mtu mzima wa miaka arobaini. Siku ya kwanza kuniona alipaza sauti wote wasikie: "Anti, bahari tumeshaifagia. Rudisha ufagio shuleni." Wakacheka, maana kazi yangu wanaijua. Nikamwambia kule shuleni nalipwa, hapa nafagia bure, na takataka za hapa zina midomo. Mmoja wao alicheka mpaka akaanguka majini kutoka kwenye ubao wake.

Lakini Makoa alikuwa na neno la kweli pia. Sisi tunaosimama tunaliona wimbi mapema na tunalichukua kabla halijawafikia wao. Kwa hiyo nikajiwekea sheria: mawimbi mawili yapite, la tatu ndilo langu. Nimeishika msimu mzima wa mawimbi makubwa. Bado hakuridhika. Mwezi wa pili akaja karibu, bila kelele safari hii, akaniambia hiki ni kitu cha watalii, si chetu, na kwamba baba zetu hawakubeba mwiko baharini. Nikamjibu kwamba baba yangu alisimama Waikiki yeye hajazaliwa. Akatazama kafi langu la dukani, la plastiki, akasema, "Basi lake liko wapi, Anti? Au hata hilo lilikuwa la plastiki?"

Dada, lilikuwa ukutani. Limekaa pale miaka ishirini na mbili tangu tumzike Baba, mimi na wewe tunalipangusa vumbi.

Sasa nakuungamia. Nilirudi nyumbani, nikasali, nikalishusha. Kafi la kusimama linatakiwa likupite kichwa kwa shubiri moja, na Baba alikuwa mrefu kama mlango, mimi unanijua. Nikachukua msumeno wa Wendell nikalikata juu, futi moja na ushei. Nikachonga kishikio kipya. Kisha nikaanza kulipiga msasa, na ile kamba nyeusi iliyozungushwa katikati, ambayo Baba alituambia ni ya kuzuia mkono usiteleze, ikakatika yenyewe kwa kuoza.

Chini ya kamba pana kiungo. Mti umekatwa mshazari, ukaunganishwa na mwingine kwa gundi na vijiti viwili. Kipande cha juu ni mti wa kawaida uliopakwa rangi. Cha chini, chenye bapa, ni mti wa koa wa zamani, ule mgumu wa milima yetu, na pale karibu na kiungo pamechomwa alama ya ndoana. Ndoana ileile, Healani. Ile iliyo kwenye kigoda cha Babu ulichokuwa ukikalia kusukwa nywele.

Ni kafi la mtumbwi la Babu. Lile ambalo Babu alipofariki Bibi aliagiza litundikwe juu ya mlango lisiguswe na maji tena, na Baba akaja kumwambia aliliazima siku moja tu na mawimbi yakalichukua. Unakumbuka kila Bibi alipoisimulia habari hiyo mezani, Baba aliinuka kwenda kuangalia moto, hata kama jikoni hakuna kilichoinjikwa? Alikuwa amelikata. Lilikuwa fupi kwa mtu anayesimama, akaliunga, akaficha kiungo kwa kamba, akalala na siri hiyo mpaka kaburini.

Kwa hiyo sikuombi msamaha. Namwomba Mungu anisamehe mengine, hili halimo.

Kesho yake nililipeleka majini. Makoa alilishika, akapitisha kidole gumba juu ya ndoana, akanirudishia. Lilipoinuka wimbi la kwanza nikasogea lipite kama kawaida. Akasema, "Hilo ni lako, Anti." Nikalichukua mpaka mchangani.

Tarehe 14 Juni mimi sitakuwa mapokezi. Nitakuwa hapa, na kafi litakuwa limelowa. Mwambie Bwana Furtado picha ya Baba inawatosha. Tiketi yako usiirudishe, njoo na nguo ya kuogelea.

Katika kifurushi hiki nimekutumia kile kipande nilichokata, chenye kishikio ambacho kiganja cha Baba kilikilainisha. Ukitaka kuwapa hotelini, ni chako, wape. Lakini wewe ndiye uliyerithi urefu wake. Ukija nacho tutakiunga tena, kafi likufae na wewe: gundi ninayo, na kamba nyeusi nimeshanunua.

Msalimie sana shemeji Bernard. Mchungaji anakusalimu, na Anti Emalia pia, ingawa kwangu bado amenuna. Bwana akutunze njiani mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nohea